Simu ya Mwalimu Ignace

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, Ignace Kashindi huitwa "sekyuriti". Hilo ndilo neno lililoandikwa mgongoni mwa koti lake, na ndilo wanalomwitia watu wanaoingia na kutoka katika jengo la vioo analolilinda huko Sandton. Sekyuriti, nifungulie geti. Sekyuriti, lifti imekwama tena. Naye huitika vizuri tu, kwa sababu kazi si mbaya na jengo lina kiyoyozi. Lakini Jumamosi, akirudi sokoni, akishashuka kwenye teksi Doornfontein anakoishi na kusubiri robot, yaani taa za barabarani, igeuke kijani ili avuke barabara, huanza kusikia jina lake jingine kutoka ng'ambo ya pili. "Mwalimu! Mwalimu, umeamka?" Hapo mabega yake, ambayo juma zima yalikuwa yameshuka kidogo, hunyooka.

Ualimu wake haukuwa wa kupachikwa. Alifundisha hesabu miaka tisa katika sekondari moja ya Uvira, kabla vita havijamtoa huko yeye na mkewe Victorine. Vyeti vyake vimo ndani ya bahasha juu ya kabati, na tangu mwaka wao wa pili Johannesburg hakuna mtu aliyeomba kuviona. Kilichomrudishia ualimu ni kodi ya mapato.

Alikuwa na miaka minne kwenye ulinzi alipoanza kuitazama kwa makini slipu yake ya mshahara. Mwongozo wa ofisi ya kodi aliusoma wote akiwa amekaa mapokezi, kurasa sitini, maana alikuwa mtu wa kusoma chochote chenye hesabu ndani yake. Akagundua kwamba mtu aliyefanya kazi miezi saba tu huwa amekatwa kila mwezi kana kwamba angefanya kazi mwaka mzima, na kwamba kilichozidi hurudishwa, mradi mwenyewe apeleke ritani yake, fomu ya kodi ya mwaka. Ignace aliuweka mwongozo chini akawafikiria watu wake. Karibu wote walifanya kazi kwa vipande: miezi mitano ghalani, mkataba ukaisha, miezi minne jikoni kwa mtu, kisha kukaa. Na karibu wote walidhani kodi iliyokatwa imekwenda na haina njia ya kurudi.

Akaanza na watatu. Mwaka uliofuata wakawa kumi. Mwaka huu ninaousimulia walikuwa thelathini na mmoja, naye mwenyewe akiwamo. Alikuwa akikaa katika karakana ya Mama Amisa, fundi cherehani aliyetoka Uvira kama yeye, ambaye hushona sare za shule na majoho ya kwaya katika chumba cha chini cha jengo lao. Mama Amisa alimwachia ncha ya meza ya kukatia vitambaa. Watu walikuja na karatasi zao kutoka kwa mwajiri zikiwa zimekunjwa mara nne, Ignace akazinyoosha kwa pasi ya Mama Amisa, akajaza fomu kwenye kompyuta ndogo ya binti yake Chloé, akapeleka. Malipo hakuchukua. Alipokea sahani ya chakula, na juu ya chakula alikuwa mkali: anayeleta ugali wa jana hajaziwi fomu leo.

Sasa, mtandao wa kodi unataka namba ya simu ya kila mtu. Hapo ndipo Ignace alipofanya jambo aliloliona la busara kuliko yote aliyowahi kufanya. Aliandika namba yake.

Msimcheke upesi. Watu wake walibadilisha namba kama wanavyobadilisha soksi. Mmoja kaibiwa simu Park Station, mwingine kanunua laini mpya kwa sababu ina dakika za bure, wa tatu kamwachia mpwa wake simu. Mwaka wa kwanza kabisa, ujumbe wa kumtaka mtu mmoja alete karatasi zaidi ulikwenda kwenye laini iliyokwisha kutupwa, na yule mtu akakosa pesa yake. Lakini namba ya Ignace ilikuwa ileile tangu juma lake la kwanza mjini, miaka kumi na minne. Watoto wa jengo walikuwa nayo kichwani. Iliandikwa kwenye matangazo ya michango ya misiba. Na kule Uvira, katika mtaa wa Kimanga, ndivyo walivyoishi: simu ilikuwa ya mwalimu, na ujumbe wa mtaa mzima ulipita kwake. Mtu wa Kigoma au Bukavu akipiga, Ignace alimtuma mtoto akimbie amwite mwenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa mwalimu kuwa na simu akaiweka yake peke yake.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda sawasawa. Walipeleka ritani mapema Julai, na baada ya siku kumi hivi simu ya Ignace ilianza kutetemeka juu ya kaunta ya mapokezi. Marejesho ya huyu yamepitishwa. Ya yule pia. Kila ujumbe ulipoingia alimpigia mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Alipenda sana kupiga simu hizo. Alianza kwa kujifanya ana habari mbaya, akanyamaza kidogo, kisha akasema, na upande wa pili mtu akapiga kigelegele katikati ya ghala lenye watu mia.

Mwaka huu simu ilitetemeka mara thelathini na moja kwa siku mbili, na ujumbe ulikuwa mmoja tu: ritani yako imechaguliwa kwa uhakiki, tafadhali subiri.

Ignace aliwaambia wasubiri. Wakasubiri Julai yote. Agosti upepo ukavuma na vumbi la machimbo likaingia hadi kwenye majoho ya kwaya, nao bado wanasubiri. Alipiga simu ofisi ya kodi, akasikiliza muziki wa kungojea kwa dakika hamsini, akaambiwa asubiri.

Watu hawakumwambia neno baya, bali alianza kuliona kwenye sahani. Kwanza nyama ilipungua. Kisha samaki akaja bila kichwa, na mtu wa Uvira akikuletea samaki bila kichwa, jua kuna jambo. Salamu pia zilifupika. "Mwalimu, umeamka, mama hajambo, na Chloé anasoma vizuri?" ikawa "Mwalimu, iko habari?" Na Thierry, kijana wa ghalani, aliacha kabisa kumwita Mwalimu.

Thierry ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Mkataba wake ghalani ulikuwa umeisha baada ya miezi saba, na alitaka marejesho yake ili atoe malipo ya kwanza ya pikipiki, apeleke vyakula majumbani. Mwenye pikipiki alikubali kumshikia hadi mwisho wa Agosti. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, karakana ikiwa imejaa, Thierry alisimama mlangoni, hata kuketi hakutaka.

"Papa Ignace, mimi nauliza tu. Ile makuta, pesa yetu, ikitoka, ujumbe unafika kwenye simu ya nani?"

"Kwangu. Unajua hivyo."

"Ya Mama Amisa?"

"Kwangu."

"Na ya Bakiri?"

"Thierry, sema unachotaka kusema," alisema Mama Amisa bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Sina la kusema, mama. Nauliza kama mtoto wa shule anavyouliza mwalimu wake. Watu thelathini, simu moja. Kama makuta imekwisha kufika, sisi tutajuaje?"

Cherehani ilinyamaza. Bakiri, mpishi kutoka Tanga anayefanya kazi katika mgahawa mmoja Mayfair, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa dakika mbili bila kutania, alitazama viatu vyake.

"Pesa inaingia benki kwenye akaunti ya kila mtu," alisema Ignace. "Kwenye simu unakuja ujumbe tu. Hilo nililieleza mwanzo."

"Ndiyo," alisema Thierry. "Ulilieleza wewe."

Akaondoka. Wengine wakabaki kidogo kwa ajili ya adabu, kisha mmoja akakumbuka ana nguo kwenye kamba, mwingine akakumbuka mtoto.

Jioni hiyo Victorine alikuwa amerudi kutoka saluni na harufu ya mafuta ya nywele mikononi. Alimsikiliza mumewe hadi mwisho, huku akimenya viazi.

"Papa Chloé," alisema, "wewe unasikia uchungu kwa sababu gani? Kwa sababu Thierry anafikiri wewe ni mwizi?"

"Mimi si mwizi."

"Mimi najua, ninakufulia suruali, mifuko yako haina kitu. Nimekuuliza uchungu ni wa nini."

"Ameniita Papa Ignace," alisema Ignace.

Victorine hakucheka. Aliweka kisu chini. "Basi nenda huko ofisini wewe mwenyewe. Achana na simu. Nenda ukasimame mbele ya mtu."

Ilimchukua siku tisa kupata miadi, na aliyoipata ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya kazi. Akabadilishana zamu na mwenzake, na kwa kuwa angepaswa kuingia kazini saa sita, alikwenda na sare yake mwilini. Mama wa dirishani alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Alichukua kibali cha ukaazi cha Ignace, akaandika, akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. Walizungumza Kiingereza.

"Namba hii ya simu ni yako?"

"Ni yangu, mama. Miaka kumi na minne."

"Siwezi kukuambia habari za mtu mwingine," alisema. "Ninachoweza kukuambia ni kwamba namba yako imo kwenye mafaili thelathini na moja. Unafanya kazi ya kujazia watu fomu? Umesajiliwa?"

"Hapana, mama. Hawanilipi. Wananipa chakula."

"Chakula."

"Samaki. Wakati mwingine maharagwe."

Mama aliweka kalamu chini. Kisha akamweleza polepole, kama mtu aliyewahi kulieleza jambo hilo kwa watu wengi ambao hawakuwa na nia njema. Kuna wezi wanaokusanya vitambulisho vya watu, wanawapelekea ritani bila wao kujua, na wanaweka namba moja ya simu ili ujumbe wote uwafikie wao. Kwa hiyo mashine ikikuta namba moja kwa watu wengi inawasimamisha wote, hadi kila mmoja aonekane kwa macho na aseme kwamba ni yeye.

"Kwa hiyo nimewasimamisha mimi," alisema Ignace.

"Namba yako imewasimamisha. Na nikuambie kweli, mtu akifika hapa na namba ya watu thelathini na mmoja, kwa kawaida ninaita sekyuriti."

Ignace aliinamisha kichwa akaitazama beji ya ulinzi iliyo kifuani pake. Mama naye akaitazama. Akajaribu kubana midomo, ikashindikana, akacheka hadi miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Alipomaliza kuifuta alichukua karatasi akamwandikia yanayotakiwa: kila mtu aje mwenyewe, na kibali au kitambulisho, na barua ya benki, na simu yake mwenyewe mkononi, iliyowashwa. "Yake mwenyewe," alirudia, akaipigia mstari mara mbili.

Ignace alifika Sandton kabla ya saa sita, akakaa kwenye kaunta hadi zamu ikaisha, akifungua geti. Hakumbuki alimfungulia nani. Kitu alichokuwa akikitazama kilikuwa simu yake, iliyokaa kimya karibu na daftari la wageni. Alikuwa ameichukulia namba hiyo kama kitu kizuri alichonacho, pengine kizuri kuliko vyeti. Sasa ilikuwa ndiyo iliyowakalisha watu thelathini miezi miwili bila pesa zao. Na Jumamosi alitakiwa kulisema hilo mbele ya Thierry.

Ijumaa jioni alipita karakana akamweleza Mama Amisa peke yake. Mama Amisa alikata uzi kwa meno.

"Bon. Nani mwingine anajua?"

"Victorine. Na wewe."

"Basi inatosha. Kesho waambie kompyuta ya serikali imekufa, wanataka kila mtu aende tena. Nani atabisha? Hapa kila siku kuna kompyuta imekufa."

"Mama Amisa."

"Nisikilize mimi. Ukisema kosa ni lako, kwa Thierry inabaki pale pale. Atasema, si nilisema? Na wengine watarudi kwa wale watu wa mjini wenye meza, wanaokula nusu ya makuta yako kwa kujaza karatasi. Wewe utapata nini?"

Ignace alipanda ngazi kwenda kwake. Alilala na maneno hayo, na asubuhi akaamka nayo. Yalikuwa na akili. Wangeamini. Sahani zingerudi na vichwa vya samaki, na Thierry angelazimika kumwita Mwalimu tena. Alipokuwa akifunga kamba za viatu alikumbuka siku moja darasani Uvira, alipokosea mlinganyo ubaoni, na mwanafunzi wa nyuma kabisa akanyoosha kidole. Angeweza kumwambia akae chini. Alifuta ubao akaanza upya, na hesabu ile darasa lile lilikuja kuijua kuliko zote.

Jumamosi karakana ilijaa hadi ngazini. Ignace alisimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, maana siku zote alikaa nyuma ya kompyuta.

"Nilikwenda ofisi ya kodi," alisema. "Ofisi haina kosa. Kosa ni la hii." Akainua simu yake. "Nami ndiye niliyeiandika kwenye karatasi zenu zote. Mashine imeona namba moja kwa watu thelathini na mmoja, ikasema hawa wameingia mikononi mwa mwizi. Imewasimamisha ili kuwalinda. Kuwalinda na mimi."

Bakiri akainua mkono.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Kwa hiyo kule kwa mashine, sisi sote ni namba moja? Mimi na wewe ni mtu mmoja?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Basi, jamani, mimi ni mume wa Victorine!"

"Karibu nyumbani," alisema Victorine kutoka mlangoni, alikokuwa amesimama bila mumewe kumwona. "Vyombo vya jana vinakungoja."

Wakacheka, wengine zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili, kwa kuwa walikuwa wamebana pumzi muda mrefu. Thierry hakucheka. Alikuwa ameegemea marobota ya vitambaa, mikono mfukoni.

"Ile pikipiki imeuzwa," alisema. "Jumatano."

"Najua," alisema Ignace. "Nisamehe, Thierry. Sina namna ya kukurudishia."

Ilionekana kama Thierry alikuwa amejiandaa kwa majibu mengine yote isipokuwa hilo. Akatoa mikono mfukoni. "Sharp," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo, jinsi vijana wa hapa wanavyosema wanapokosa la kusema. Lakini hakuondoka.

Septemba yote iliyobaki walikwenda ofisi ya kodi kwa mafungu ya wanne wanne, Ignace akiwatafutia miadi na kubadilishana zamu hadi mwenzake akamwambia eish, mjomba, mimi sasa sijui Jumanne ni lini. Kila fungu alilisindikiza hadi mlangoni akabaki nje, kwa sababu yule mama alikuwa amepigia mstari mara mbili. Alinunua mahindi ya kuchoma akangoja.

Yaliyotokea ndani alisimuliwa. Bakiri aliombwa namba yake akaanza kutaja ya Mwalimu, hadi akakanyagwa mguu. Mama Amisa aliombwa yake, akavuta tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akaigeuza upande wa nyuma, na hapo, baada ya sentimita ya arobaini, alikuwa ameiandika kwa kalamu. Yule mama wa dirishani aliomba kuishika tepu ile aione mwenyewe. Kisha akauliza, "Huyu bwana wa samaki, anawatoza nini?" Mama Amisa akajibu kwa Kiingereza chake alichojifunzia kwenye vipimo vya sare: "Nothing. Only he is very strict for food." Maneno hayo, kwamba hatozi kitu ila kwa chakula ni mkali, yalirudi Doornfontein kabla ya Mama Amisa kufika, na jioni ile hakuna mtoto wa jengo ambaye hakuyajua.

Thierry alikwenda na fungu la mwisho. Alipotoka alimkuta Ignace amekaa ukutani, gunzi mkononi. Akasimama mbele yake.

"Yule mama amenitumia namba za siri kwenye simu yangu," alisema. "Nimemsomea mimi mwenyewe. Dakika mbili."

"Vizuri."

"Papa Ignace, kila mwaka ulikuwa unakaa na hizo namba za siri za watu wote? Unazisoma, unaziandika?"

"Ndiyo."

"Usiku na mchana?"

"Ofisi inazituma saa yoyote itakayo."

Thierry alitikisa kichwa. Akaketi kando yake ukutani, wakatazama magari. Akamwomba nusu ya hindi lililobaki kwenye mfuko.

Mwishoni mwa Septemba pesa zilianza kutoka. Safari hii Ignace hakuwa wa kwanza kujua. Simu yake ilikaa kwenye kaunta ya Sandton kama jiwe. Alijua ya Bakiri imetoka alipoletewa ndoo ndogo ya biriani kutoka Mayfair, yenye moto bado, na mjumbe aliyeileta akasema amekatazwa kusema ni ya nini. Alijua ya Mama Amisa aliposikia cherehani mpya ya kupindia ikilia kutoka ngazini. Ya Thierry aliijua kwa honi: kijana alipita chini ya dirisha lake kwa pikipiki nyekundu iliyochakaa, inayovuja mafuta, akapiga honi hadi mtu wa ghorofa ya tatu akamwagia maji. Ya Ignace mwenyewe ilikuwa bado. Faili lake, aliambiwa, ndilo lililokuwa na namba halali, kwa hiyo ndilo litakaloangaliwa la mwisho, wengine wote wakishaondolewa kwenye namba hiyo. Akaona hiyo ni haki.

Alichokikosa ni zile simu za mchana. Hakumwambia mtu, lakini Victorine alimwona mara mbili akiitoa simu mfukoni, akiitazama, akiirudisha.

"Hawahitaji tena mtu wa kuwapigia," alisema Ignace. "Hata fomu watajaza wenyewe. Si vigumu, ukishaonyeshwa."

"Nani atawaonyesha?" aliuliza Victorine, akiendelea kusuka kichwa cha Chloé.

"Sijui. Nani?"

"You are so slow, Papa," alisema Chloé kutoka katikati ya magoti ya mama yake.

Jumamosi ya katikati ya Oktoba, zikiwa zimebaki siku chache tu dirisha la ritani lifungwe, Ignace, akitoka sokoni, alikwenda karakana bila kompyuta. Alidhani atakaa kidogo, asalimie, arudi. Robot ilipogeuka kijani alisikia "Mwalimu!" kutoka ng'ambo, akahesabu sauti bila kutaka: tatu, nne. Ndani alikuta viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, vingine vimeazimwa kanisani. Kulikuwa na wale wa zamani, kila mmoja na mtu aliyemleta: mpishi anayefanya kazi na Bakiri, shemeji ya mtu, wasichana wawili wa saluni ya Victorine. Simu zilikuwa mapajani. Na juu ya ukuta mzima, kuanzia kwenye pasi hadi mlangoni, Mama Amisa alikuwa amebandika karatasi ya kahawia, ile ya kukatia patani za nguo, tupu kabisa. Akampa chaki yake ya kuchorea vitambaa.

"Usipoteze," alisema. "Ni ya bluu, nimebakiwa na moja."

Ignace alisimama mbele ya karatasi, amewapa mgongo. Kisha akachora fomu. Aliichora kubwa, chumba kwa chumba, kama alivyokuwa akichora pembetatu. Hapa jina. Hapa namba ya kodi. Alipofika kwenye nafasi ya simu, aliiacha wazi, akageuka.

"Hapa tunaandika nini?"

"Yetu!" wakasema wote kwa pamoja, na Bakiri akaongeza, "Isiwe ya mume wa Victorine!"

Somo lilikwenda saa mbili na nusu. Chaki ya bluu ilipakaa kwenye mkono wa shati lake, kwenye nyusi zake, kwenye joho moja la kwaya. Radi ya kwanza ya msimu ililia upande wa Mayfair, mvua ikaja ikapita, wala hakuna aliyeinuka. Wakati huo huo simu ya Ignace ilitetemeka mfukoni, mara moja tu, ujumbe. Victorine aliyekuwa mstari wa mbele alimtazama. Ignace akaugusa mfuko, akaiacha humo humo, akaendelea kueleza tofauti ya kilichokatwa na kilichostahili kukatwa.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono mmoja ulikuwa umeinuka muda mrefu, na kofia ngumu ya pikipiki ikiwa imening'inia kwenye kiwiko.

"Ndiyo, Thierry."

"Mwalimu," alisema Thierry, "sijaelewa. Kama nilifanya kazi miezi saba, kwa nini wao wanahesabu kumi na miwili?"

Ni swali alilokuwa amemjibu Thierry mara mbili tayari, Julai mwaka huu na Julai mwaka jana. Ignace alipangusa vidole vyake kwenye suruali, akaizungusha chaki mkononi, akawatazama waliokaa mbele yake.

"Swali zuri," alisema. "Nani anaweza kumjibu?"

Mama Amisa alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, sindano ikiwa bado kati ya vidole.